Kituo cha Pili

Wakala aliyemleta mume wangu Saudia alitudanganya mara moja tu, lakini alitudanganya vizuri. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2014, nami nikiwa nyumbani kwa likizo. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya unesi Jeddah mwaka mzima, na mume wangu Dalmas alikuwa amechoka kuishi na picha yangu. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya ulinzi, Riyadh. Wakala akatutazama kwa upole wa mtu anayekaribia kulipwa, akasema, "Madam, Riyadh na Jeddah ni kama Kisumu na Kakamega. Mtakuwa mnaonana kila weekend."

Tukafurahi, tukasaini. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua ramani. Mimi niliyekuwa nimekaa nchi ile mwaka mzima nilichokijua ni hosteli, wodi, na basi la hospitali lililotupeleka madukani siku za mapumziko. Dalmas alipotua Riyadh ndipo alipomuuliza dereva wa kampuni Jeddah iko upande gani, na dereva akacheka mpaka akapunguza mwendo. Ni kilomita mia tisa na hamsini. Basi huchukua saa kumi na tatu, likiwa halijaharibika.

Kwa miaka miwili tulionana mara nne. Kila mara tulilala hotelini, na kila mara mtu wa mapokezi alikishika cheti chetu cha ndoa kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku, akaenda kukipiga kopi. Hosteli yangu ilikuwa ya wanawake pekee, na chumba chake kilikuwa na wanaume wanane. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na sina mtoto. Sikutaka mambo makubwa. Nilitaka mume wangu alale nyumba moja na mimi siku za kawaida, hata zile ambazo tumenuniana.

Mwanzoni Dalmas alilinda jengo la ofisi mtaa wa Olaya, katikati ya Riyadh, ndani, kwenye marumaru na kiyoyozi. Nafasi hiyo aliipoteza kwa sababu ya kalamu. Walinzi wana daftari la matukio, wanaliita OB, na mume wangu ana imani na daftari hilo kuliko watu wengine walivyo na imani na benki. Siku moja simu ya mkubwa fulani ilipotea. Msimamizi wa Dalmas akamwambia aandike kwamba alimwona Magdaline, msichana wa kwetu aliyekuwa akifanya usafi ghorofa ya tisa, akitoka na kitu mfukoni. Dalmas akasema hakuona. Msimamizi akasema haidhuru, aandike tu. Dalmas akachukua kalamu, akaandika: "Nilikuwa mlangoni. Magdaline alitoka saa kumi na moja. Sikuona kitu." Siku ya tatu simu ilipatikana ndani ya gari la mwenyewe. Siku ya nne Dalmas akahamishiwa geti la makazi ya wageni nje ya mji, kwenye jua la kukaanga mayai.

Nilimgombeza kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano. "Si ungesema tu haukuwa duty hiyo saa? Ungesema ulienda choo! Mtu husema ameenda choo, Dalmas, hakuna mtu huuliza risiti!"

Akanijibu kwa ujumbe wa sekunde nne. "Lakini nilikuwa mlangoni, Seli."

Hivyo ndivyo alivyo. Kuna siku ningempiga na mwiko.

Katika makazi yale kulikuwa na uwanja wa besiboli. Wageni walikuwa wahandisi na mafundi, Wamarekani, Wajapani, Wafilipino wengi, na kila Ijumaa walivaa kofia wakaenda kupigana na mpira mdogo. Mhandisi mmoja mzee alipomaliza mkataba wake aliacha getini katoni la vitabu vya historia ya mchezo huo, akasema vitupwe. Dalmas hatupi kitu kilichoandikwa. Akavisoma vyote kibandani mwake, kimoja baada ya kingine, na alipokuwa akivisoma akaanza kunisimulia. Wakati ule simu za mtandao zilikuwa zimefungwa nchini humo, kwa hiyo ndoa yetu iliishi ndani ya ujumbe wa sauti. Wenzangu hosteli waliogopa waume zao watapata wanawake. Wangu alipata mwaka 1908.

Nilikasirika kwanza. Nataka kuambiwa nimekumbukwa, naambiwa habari za Brooklyn na Boston mwaka 1920: timu mbili zilizocheza zamu ishirini na sita badala ya tisa, mtupaji mmoja kila upande kuanzia mwanzo hadi mwisho, na giza likaingia wakiwa sare, pointi moja kwa moja. "Hakuna aliyeshinda?" nikamuuliza. "Hakuna," akasema kwa furaha kabisa. Nikamwambia huo si mchezo, hiyo ni ndoa yetu.

Lakini niliendelea kusikiliza. Nilikuwa nikipiga pasi sare zangu huku sauti yake ikiniambia kuhusu Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani Brooklyn mwaka 1947, mtu mweusi peke yake, huku matusi yakimwagwa kutoka viti vya upande wa pili, naye akiwa ameahidi kutojibu. Hiyo ilinifanya niizime pasi nikakaa kitandani. Mimi ningejibu. Ningejibu kwa lugha zote ninazozijua, nikimaliza nirudie.

Nyingine niliipeleka kazini. Tulikuwa na mgonjwa katika kitengo cha figo, dereva wa lori Msudani, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Alikuwa haongei, hali, anageukia ukuta. Nikamsimulia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga habari za Bert Shepard, rubani Mmarekani aliyetunguliwa Ujerumani wakati wa vita, akakatwa mguu chini ya goti, akarudi na mguu wa bandia. Agosti 1945 timu yake ya Washington ilikuwa inachapwa vibaya, vituo vyote vimejaa wapinzani, kocha akamwingiza awe mtupaji. Akamtoa mpigaji wa kwanza, kisha akatupa zamu tano na zaidi akafungwa pointi moja tu. Mzee akageuka kutoka ukutani.

"Timu yake ikashinda?" akauliza.

"Mafi, hapana," nikamwambia. "Walipigwa kumi na tano kwa nne."

Akacheka mpaka mashine ikalia. Jioni ile alikula wali. Nilimtumia Dalmas ujumbe kumwambia, na tangu siku hiyo sikumwambia tena kwamba anapoteza muda.

Hadithi niliyoisikia mara nyingi zaidi ni ile ya Fred Merkle, kwa sababu Dalmas hakuweza kuiacha. Ni New York, Septemba 1908, dhidi ya Chicago. Ni zamu ya mwisho, sare ya pointi moja kwa moja, watu wawili wameshatolewa na wa tatu akitolewa zamu imekwisha. Merkle, kijana wa miaka kumi na tisa, yuko kituo cha kwanza, na mwenzake yuko kituo cha tatu. Mpigaji anaupiga mpira vizuri, yule wa tatu anakimbia nyumbani, yaani kituo cha mwisho, pointi imeingia, New York imeshinda. Mashabiki wanafurika uwanjani. Merkle anaona watu, anageuka njiani anakimbilia chumba cha kuvalia, kama walivyozoea kufanya wachezaji wote siku zile.

"Kosa liko wapi?" nilimuuliza Dalmas mara ya kwanza.

"Kosa ni kwamba hakukanyaga kituo cha pili," akasema. "Mpira ukipigwa, mtu wa kwanza lazima aende wa pili. Wapinzani wakifikisha mpira pale kabla yake, ametolewa, na ile pointi inakufa. Hata kama watu washaanza kuimba." Mchezaji wa Chicago akautafuta mpira. Wanasema mtu wa New York aliuona ujanja huo akautupa mpira kwa mashabiki ili usipatikane. Mwishowe mpira ukaletwa, ule ule au mwingine, mpaka leo watu wanabishana, na mwamuzi akasema Merkle ametolewa. Mechi ikarudiwa, New York wakashindwa, na kijana wa watu akaitwa bongolala maisha yake yote.

Kwa maarifa kama hayo ndivyo Dalmas alivyokuwa mwamuzi. Aliyekuwepo alirudi kwao, wahandisi wakaanza kujiamulia wenyewe na kutukanana, na Ijumaa moja mlinzi wa geti akapaza sauti kutoka kibandani kuwaambia kanuni inasemaje. Wakamcheka. Wakaenda kuangalia kitabuni. Ijumaa iliyofuata walimpa kofia. Ikawa siku yake ya mapumziko ndiyo siku ya kazi nyingine, na aliifanya kama anavyoandika OB: alichokiona ndicho, asichokiona hakipo.

Sasa nifike kwa Mista Hollis. Alikuwa Mmarekani wa miaka hamsini na kitu, mkubwa wa majengo na viwanja katika shule moja ya kimataifa hapa Jeddah, mwenye tumbo, kicheko kikubwa, na uchungu mmoja: alikuwa nahodha wa timu ya besiboli ya Jeddah iliyofika fainali mara tano na kushindwa mara tano na Riyadh. Alimjua Dalmas kutokana na mechi hizo. Mapema 2016 mtunza uwanja wa shule aliondoka, na Hollis akamwambia Dalmas nafasi iko wazi, na nyuma ya uwanja kuna nyumba ya vyumba viwili kwa mfanyakazi aliye na familia. Kilichohitajika ni barua ya shule kuomba ahamishwe kafala, yaani udhamini wa mwajiri. Kampuni ya ulinzi ilikuwa imekubali kumwachia iwapo barua itafika kabla ya mwisho wa Aprili. Isipofika, mkataba unafanywa upya na Dalmas anapelekwa Arar, kaskazini kabisa, mpakani na Iraq. Safari hii niliangalia ramani. Niliiangalia kisha nikaenda bafuni kulia.

Nilipeleka karatasi za Dalmas mwenyewe ofisini kwa Hollis. Akaniita Sister, akaninunulia chai, akapitia kila karatasi. "Nina fainali Ijumaa, Sister Selipher," akasema. "Kichwa changu hakifanyi kitu kingine mpaka ipite. Jumapili asubuhi nitasaini."

"Na mwamuzi wa fainali ni nani?" nikauliza.

"Mume wako," akasema. "Timu zote mbili hazimtaki mwingine."

Nilitoka pale nikimwomba Mungu jambo moja tu. Jeddah washinde, Hollis afurahi, asaini. Nilifunga kula siku mbili kwa ajili ya mchezo ambao miaka miwili nyuma sikuujua jina.

Ijumaa ile jua la Jeddah lilikuwa na maji ndani yake. Mtu akisimama tu, analowa. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya kamba pamoja na Damaris, nesi mwenzangu kutoka Machakos, ambaye alikuja kwa ajili ya baga na hakujua mpira unapigwa upande gani. Dalmas alikuwa amefika asubuhi na basi la timu ya Riyadh. Nilikuwa nimemsalimia kwa mkono, kama mgeni, kwa sababu hakutaka mtu aseme mwamuzi ana upande. Mke wake wa ndoa, kwa mkono.

Mechi ilikwenda mpaka zamu ya mwisho ikiwa nne kwa nne. Jeddah ndio waliokuwa wakipiga. Watu wao wawili walikuwa wameshatolewa. Kituo cha tatu kulikuwa na fundi mmoja wa Kifilipino mwepesi wa miguu, na kituo cha kwanza, akihema na akitokwa jasho mpaka kwenye mkanda, alikuwa Mista Hollis. Dalmas alisimama nyuma ya mtupaji, mahali mwamuzi husimama watu wakiwa vituoni, ili aone pande zote.

Mpigaji aliupiga mpira ukaenda kwenye nyasi tupu katikati. Yule wa tatu akakimbia nyumbani bila hata kuangalia nyuma. Pointi! Benchi lote la Jeddah lilimwagika uwanjani na ndoo za maji ya barafu, watoto wao, wake zao, mtu na tarumbeta. Mimi na Damaris tuliruka kamba. Nilikuwa napiga vigelegele, machozi yananitoka, naiona nyumba ya vyumba viwili, naona mpaka mapazia. Hollis alikuwa amefika nusu ya njia. Alipoona ndoo na watu, aliinua mikono yote miwili, akageuka, akawakimbilia.

Mchezaji wa Riyadh aliyekuwa nyuma kabisa aliuokota mpira akaurusha ndani bila moyo, kama mtu anayetupa ganda. Ukadunda, ukapita katikati ya miguu ya watu, ukaja ukagonga kiatu changu. Nikauokota.

"Weka kwa mkoba!" Damaris akasema. "Hiyo ni souvenir, Seli! Utaonyesha watoto!"

Nikamtafuta Dalmas ili nimwonyeshe. Alikuwa bado pale pale. Hakuwa amevua kofia wala kusema mechi imekwisha. Alikuwa anaangalia kituo cha pili, kile kifuko cheupe kilichokaa peke yake kwenye udongo, na nikajua. Hollis hakukanyaga.

Karibu na kituo alikuwa amesimama Morita, mhandisi Mjapani wa Riyadh, mtu mdogo mwenye miwani, anazunguka na glavu yake wazi. "Mpira!" alikuwa akipaza sauti. "Mpira uko wapi?" Wenzake walikuwa wameanza kufungasha mabegi. Hakuna aliyemsikiliza. Mwamuzi haruhusiwi kumsaidia mtu. Anaruhusiwa kujibu tu akiulizwa, na Morita hangeweza kuuliza bila mpira.

Katika uwanja ule wote, watu watatu walikuwa wanajua kilichotokea, na mmoja wao alikuwa mimi, na mpira ulikuwa mkononi mwangu, na mkoba wangu ulikuwa wazi.

Nataka niseme ukweli kuhusu sekunde zile. Sikuwaza haki. Niliwaza Arar. Niliwaza yule mtu wa mapokezi na vidole vyake viwili. Niliwaza kwamba nitafikisha thelathini na nane Dalmas akiwa mpakani na Iraq. Nilimwambia Mungu, kwa hasira, kwamba uwanja una watu mia mbili na angeweza kuuviringisha mpira huu kwa mwingine yeyote. Na mkono wangu ulianza kwenda kwenye mkoba, sitaficha. Ulifika mpaka kwenye zipu.

Ndipo Dalmas aliponiona. Aliuona mpira, akauona mkoba. Nilingoja anitikise kichwa, aniite, anikunjie uso, anipe sababu ya kugombana naye. Hakufanya lolote. Aligeuza macho yake taratibu akaangalia kwingine, ili niamue bila kuangaliwa.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kwa sababu nilijua nikiuficha hatasema. Tutahamia nyumba ile, atakata nyasi, atakula chakula changu, hatasema hata siku moja, na mimi nitakuwa naishi na mwanaume aliyekataa kuandika uongo mistari miwili kwa ajili ya msichana wa usafi, akiwa amenyamaza kwa ajili yangu. Nilimpenda sana dakika ile, na ningempiga.

Shuleni nilikuwa mfungaji wa netiboli. Niliinua mkono, nikaita, "Morita!" na nikaurusha juu ya vichwa vya watu wote. Damaris alishika mdomo. Morita akaudaka, akaweka mguu juu ya kituo cha pili, akamgeukia mwamuzi.

Dalmas akainua ngumi. "Ametolewa. Pointi haihesabiwi. Nne kwa nne."

Tarumbeta ilinyamaza kwanza. Kisha makelele. Hollis alikuja anatiririka maji ya ndoo, uso mwekundu, akasimama karibu na Dalmas mpaka tumbo lake likamgusa. "Huo si mpira wa mechi!" akafoka. "Mpira wa mechi uliingia kwa watu! Kuna mipira kumi humu ndani! Nani anajua huo umetoka wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Dalmas akageukia watu, akauliza kwa sauti ya getini, bila kuniangalia, "Nani alikuwa na mpira?"

Kulikuwa na watu wengi pale ambao wangeweza kunyamaza pamoja nami. Nikatembea mpaka katikati. "Mimi," nikasema. "Umetoka kwa mchezaji wa Riyadh, ukagonga kiatu changu. Hakuna mtu mwingine aliyeushika. Ni mpira wa mechi."

Hollis akanitazama. Ilimchukua muda kunitambua bila sare ya kazi. "Sister Selipher," akasema. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unakumbuka Jumapili?"

"Nakumbuka."

"Na bado unasema hivyo?"

"Nasema nilichokiona," nikajibu, na nikajisikia kichekesho, kwa sababu hayo hayakuwa maneno yangu. Yalikuwa ya mwanaume aliyesimama pembeni yangu anaangalia viatu vyake, akijitahidi asitabasamu au asilie, sijui.

Hollis akaangalia kituo cha pili. Akaangalia alama za viatu vyake zilizoishia katikati ya njia, wazi kabisa kwenye udongo. Akapangusa uso. "Sikukanyaga," akasema, na hakuna aliyemlazimisha. Akawageukia wachezaji wake. "Rudini. Tunaendelea."

Wakaendelea. Nitasema haraka kwa sababu bado inaniuma: zamu ya nyongeza, Riyadh wakapata moja, Jeddah hawakupata kitu. Mara ya sita. Hollis alipeana mikono na kila mtu, alipofika kwa Dalmas akampa mkono nusu, akaondoka bila kuniaga. Basi la Riyadh lilikuwa linangoja. Dalmas alinishika mkono tena, lakini safari hii hakuuachia.

"Ungeweka kwa mkoba, singekulaumu," akaniambia.

"Najua. Ndiyo maana nimeudhika."

Jumapili simu yangu haikulia. Jumatatu haikulia. Jumanne Dalmas alinitumia ujumbe kwamba msimamizi amemwambia afungashe, gari la Arar linaondoka Jumamosi. Nilimjibu kwamba nitaomba uhamisho, nitatafuta hospitali huko huko Arar, na kama hakuna nitaacha kazi twende wote nyumbani tukafuge kuku. Nilimaanisha. Kitu kimoja nilikuwa nimejifunza uwanjani ni kwamba nilikuwa nimengoja mno watu wengine wakanyage kwa niaba yangu. Niliomba likizo ya dharura nikaanza kuuliza bei ya basi.

Jumatano, katikati ya zamu yangu, mlinzi wa wodi aliniambia kuna mgeni. Hollis alikuwa amesimama kwenye korido na shati lililopigwa pasi, ameshika bahasha kama mtu aliyeleta vipimo vyake mwenyewe.

"Nimekaa na hasira siku tano," akasema. "Mke wangu amechoka nazo. Vijana wa timu sasa wananiita Merkle. Unamjua Merkle?"

"Namjua vizuri," nikamwambia.

Akashangaa. Nadhani hakutegemea. "Basi unajua jina hilo halitoki."

"Lakini unajua ya 1950?" nikamuuliza. Hakujua. Mmarekani mzima, nahodha, hakujua. Kwa hiyo nikiwa nimesimama na trei ya dawa nilimweleza: kwamba Merkle alijificha mbali na mchezo miaka mingi, akikataa mialiko yote, mpaka mwaka ule, mzee tayari, akakubali kurudi New York siku ya wachezaji wa zamani. Alidhani watamzomea. Akatajwa jina, akatoka, na uwanja ukamshangilia. Miaka arobaini na miwili baadaye.

Hollis akaitazama bahasha yake. "Hiyo ni miaka mingi ya kungoja, Sister."

"Ni mingi," nikasema. "Wewe ulikiri siku ile ile."

Akakohoa, akaangalia dirishani, akanipa bahasha. "Watunza uwanja watatu waliopita waliniambia nyasi ziko sawa wakati zimekauka," akasema. "Mwambie Dalmas aje kabla sijabadilisha mawazo. Na mwambie fainali ijayo hataamua. Atakuwa mfanyakazi wangu, haitakuwa haki." Akaenda zake. Bahasha haikuwa imegundishwa. Barua ilikuwa imesainiwa na kupigwa mhuri, na nilipoisoma mara ya pili nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Makaratasi ya kafala yalichukua wiki sita, na mara mbili nilidhani yamekwama. Dalmas alishuka kwenye basi Juni, asubuhi, na mabegi mawili na katoni moja la vitabu begani. Nilimpeleka kwenye nyumba nyuma ya uwanja, nikafungua mlango, akaingia moja kwa moja na viatu vyake vya vumbi la Riyadh juu ya sakafu niliyokuwa nimeipiga deki tangu alfajiri.

Nikamgombeza. Nikamgombeza kwa sauti, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, kuhusu viatu, kuhusu vumbi, kuhusu mwanaume asiyeona deki hata ikiwa bado mbichi, na alisimama pale na katoni lake begani akinisikiliza kama anayesikiliza wimbo, na sikutaka kunyamaza, kwa sababu miaka miwili sikuwa na mtu wa kumgombeza uso kwa uso.